Nani Kasema Hawa Wamelala?

"Huyu? Huyu kalala wapi?"

Bi Mkubwa aliishusha miwani mpaka ncha ya pua, akaweka kidole juu ya kioo cha kompyuta yangu. Tulikuwa barazani kwake Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, alasiri imeshasaliwa, maji yamekupwa mbali na ngalawa zimeegama mchangani. Nilikwenda kumwonyesha toleo jipya la programu tunayotumia kupeleka kwa barua pepe jarida la nyumba yake ya wageni. Toleo hilo lina ukurasa ambao zamani haukuwepo. Unawagawa wasomaji mafungu matatu kwa jinsi wanavyofungua barua, walio hai, wanaosinzia na waliolala, na chini ya fungu la mwisho pana kitufe chekundu cha kuwafuta wote kwa mkupuo mmoja.

Karibu nusu ya orodha yake ilikuwa humo.

Kidole kilikuwa juu ya jina la mwalimu mmoja mstaafu, Mjerumani. "Huyu huja kila Februari na mkewe. Chumba chao kile cha mwisho, karibu na kisima. Kila nikimpelekea barua hunijibu, tena siku ile ile. Leo mashine yako yasema kalala?"

Nilimwambia nitalitazama.

"Litazame vizuri, mwanangu. Hao ndio wanaoiendesha nyumba hii."

Wiki kadhaa sasa jambo hili halijaniachia. Nimefungua ripoti za wateja wangu wote, nimesoma maelezo ya watengenezaji, nimewauliza wenye orodha wanawafahamu vipi watu wao. Naandika hapa kwa sababu najua wengi wenu mnaotuma majarida kama haya mmepata toleo kama hili mwaka huu, na kitufe kama kile mnacho.

## Kinachohesabiwa ni picha

Programu haijui kama umesoma. Inachojua ni kwamba picha imeombwa.

Kila barua inayotoka inabeba picha ndogo mno, ya nukta moja tu (pikseli), isiyoonekana kwa macho, na kila msomaji ana yake. Simu au kompyuta yako ikiivuta picha ile kutoka kwenye seva, yaani kompyuta inayoihifadhi, programu inaandika kwamba umefungua. Isipovutwa, inaandika kwamba hukufungua. Msingi wote wa mafungu yale matatu ni huo.

Nilimwomba Bi Mkubwa amwulize mwalimu anasomea wapi barua zake. Jibu lilikuja kesho yake: Thunderbird, kwenye kompyuta ya mezani, miaka mingi. Programu hiyo haivuti picha za nje mpaka mwenyewe aruhusu, na mwalimu hajawahi kuruhusu. Anasoma maneno tu. Habofyi viungo pia, maana akitaka chumba hana haja ya kiungo, anaandika jibu na Bi Mkubwa anamjibu. Kwa hesabu ya programu, mtu huyu hajagusa barua hata moja tangu jina lake liingie.

Sasa geukia upande wa pili. Septemba 2021, pamoja na iOS 15, toleo la mfumo wa simu zake, Apple ilileta ulinzi wa faragha ndani ya programu yake ya barua. Mtu akiuwasha, picha zote zilizomo ndani ya barua huvutwa kwa nyuma kupitia seva za kampuni, awe ameifungua barua ile au hata hajaiona. Nia ni njema, na mimi naiunga mkono: msomaji ana haki ya kusoma barua bila mtu kumchungulia begani. Lakini matokeo yake kwetu ni kwamba mtu aliyewasha ulinzi huo anaonekana kafungua kila kitu tulichompelekea. Niliposhuka kwenye fungu la walio hai la Jambiani, sehemu kubwa walikuwa watumiaji wa Apple. Bi Mkubwa alizisoma anwani zile moja moja. Wengine hakuwakumbuka kabisa. Wengine aliwakumbuka kwa usiku mmoja, miaka mingi nyuma, na hawajasema neno tangu hapo.

Kwa hiyo rafiki kalala, na asiyejulikana yu hai.

Nilitaraji kubofya kutanisaidia. Kubofya ni kitendo, nikafikiri, mkono wa mtu lazima uwepo. Nako kukaniangusha. Ofisi nyingi za Ulaya zina ulinzi unaofungua viungo vyote vya barua ili kuvipima kabla mfanyakazi hajaiona barua yenyewe. Utaona katika ripoti mtu mmoja kabofya kila kiungo, hata kile cha masharti ambacho hakuna binadamu anayekibofya, sekunde chache baada ya barua kutua.

## Saa bora ya kutuma

Hili nalipitia haraka, ingawa ndilo watengenezaji wanalitangaza zaidi. Toleo jipya linajichagulia lenyewe saa ya kumpelekea kila msomaji, kwa kutazama saa alizofungua zamani. Lakini kama nusu ya kufungua huko ni seva zinazovuta picha kwa ratiba zao, saa bora iliyopatikana ni saa ya seva. Nimezima. Natuma saa nne asubuhi ya kwetu, ambayo kwa majira ya baridi ni saa mbili asubuhi Roma na Berlin, watu wanakunywa kahawa.

Kinachohitaji kufikiriwa ni mwezi, wala hakuna kipengele kinachokifikiria hicho kwa niaba yetu. Mtaliana anayetaka kuja Agosti anaanza kuzungumza na familia yake mapema mno kuliko tunavyodhani. Barua ya kipupwe ikitoka mvua za masika zimeshaanza, mwenye kupanga keshapanga.

## Lakini kufuta kuna hoja yake

Nilipofika hapa nilikuwa tayari kukipuuza kitufe kile moja kwa moja. Kisha nikasoma upya masharti ya Gmail, nikarudi nyuma.

Oktoba 2023 Gmail na Yahoo zilitangaza masharti kwa wanaotuma barua nyingi, na Februari 2024 yakaanza kutumika. Yale mazito zaidi kwa upande wa Gmail yanawahusu wanaopeleka barua zaidi ya 5,000 kwa siku, na wateja wangu hawafiki hapo hata kwa mwaka mzuri. Lakini lipo moja linalotuhusu sote: watu wanaobonyeza kitufe cha barua taka wasifikie 0.3%. Ni watatu katika kila elfu. Chukua orodha ndogo ya nyumba ya wageni yenye anwani 300 za Gmail. Mtu mmoja tu akikasirika, umeshavuka.

Hapo ndipo majina ya zamani yanapokuwa hatari ya kweli. Mtu aliyepita Jambiani kwa usiku mmoja miaka minane iliyopita, akaandika anwani yake kwenye kitabu cha wageni, leo akipokea barua hakumbuki wewe nani. Hana sababu ya kukutafutia kiungo cha kujiondoa. Anabonyeza barua taka, na kila anayefuata nyuma yake, hata mwalimu wetu, barua yake inakaribia shimo lile lile.

Kuna na anwani zilizokufa. Tangu Desemba 2023 Google inafuta akaunti ambazo hazijatumika kwa miaka miwili, na barua ya anwani iliyofutwa inarudi. Nyingine haifutwi, bali inageuzwa mtego: wenye huduma za barua huiacha wazi makusudi ili wamjue nani anatuma ovyo bila kusafisha orodha yake. Zikirudi nyingi, au zikinasa, jina la mtumaji linaharibika.

Na kuna fedha. Programu inatoza kwa idadi ya majina, kwa dola, kwa kadi ya benki. Aprili na Mei, vyumba vitupu na mvua inapiga mabati, ada hiyo Bi Mkubwa anaihisi. Nusu ya orodha ikifutwa, anashuka daraja la malipo.

Nilikaa na hoja hizi siku nyingi, zikivutana. Kufuta ni kumpoteza mwalimu. Kutofuta ni kumfanya mwalimu asifikiwe. Hakuna upande uliokuwa mwepesi, na nadhani kila anayelisimamia jarida la mtu mwingine anaijua hali hii, kwa sababu jina linalopotea si lako.

## Kurasa zisizovutia macho

Nikiwa humo humo nikitafuta, niligundua kwamba mambo mazuri zaidi ya toleo hili hayamo kwenye video ya matangazo. Yamo kwenye kurasa za mipangilio, zile tunazozipita.

La kwanza ni ukurasa wa uthibitisho wa kikoa, yaani jina la mtandaoni ambalo barua zako zinatokea. Unamwonyesha kila mteja kwenye mstari wake, na alama tatu: SPF, inayotaja seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM, saini inayothibitisha barua haikuchezewa njiani, na DMARC, maelekezo kwa mpokeaji afanye nini barua isipolingana na hizo mbili. Mwanzo nusu ya wateja wangu walikuwa wekundu, yaani alama zao hazikupita. Sababu ni ile ile kila mahali hapa Unguja: nyumba ya wageni ina tovuti nzuri, lakini barua zinatoka kwenye anwani ya bure ya Gmail au Yahoo iliyofunguliwa siku biashara ilipoanza. Anwani ya bure haiwezi kutia saini barua inayotoka kwenye seva za programu nyingine. Yahoo ilianza kuzikataa barua za namna hiyo mwaka 2014, na Gmail nayo ikakaza kamba kwa masharti ya 2024.

Wenye nyumba wengi wanaogopa kuiacha anwani ya zamani kwa kuwa wageni wanaijua. Si lazima waiache. Kikoa cha .co.tz kinasajiliwa kwa bei ambayo nyumba yoyote inayopokea wageni inaimudu, barua zikatoka huko, na majibu yakaelekezwa kwenye ile ile Gmail ya siku zote. Kwa wateja wangu wekundu hilo limekwisha, na nalipendekeza kabla ya kingine chochote.

La pili ni uzito wa barua. Gmail inaikata barua ambayo msimbo wake, yaani maandishi ya kompyuta yanayoipanga, unazidi kilobaiti 102 hivi, na chini inaweka kiungo kidogo cha kuiona nzima. Picha hazimo kwenye hesabu hiyo. Kinachohesabiwa ni msimbo, na violezo vya kuburuta na kudondosha vinamwaga msimbo mwingi kuliko unavyodhani. Jarida la mteja mmoja wa safari za viungo, lenye picha za mdalasini, iliki, kungumanga na vyakula, kila moja ndani ya fremu yake, lilikuwa likikatwa mistari michache juu ya kiungo cha kujiondoa. Msomaji aliyechoka alikuwa anashuka mpaka mwisho, haoni njia ya kutoka, anabonyeza barua taka. Toleo jipya linakuonyesha uzito huo unapoandika, kwenye pembe ya juu, kwa tarakimu. Tulitoa fremu, tukabakisha picha tatu. Barua sasa inafika nzima.

La tatu ni kujiondoa kwa mbofyo mmoja, kitufe kinachokaa juu ya barua karibu na jina la mtumaji. Wapo wateja wanaonilalamikia kwamba tunawarahisishia watu kuondoka. Ndiyo, tunawarahisishia. Anayetaka kuondoka na akaondoka kwa amani anaweza kurudi Nungwi mwakani. Aliyebanwa mlangoni harudi.

## Wateja wote kwenye dirisha moja

Kwa sisi tunaosimamia wateja wengi, badiliko kubwa ni kwamba sasa wote wanakaa kwenye dashibodi moja. Zamani nilikuwa natoka na kuingia, nywila hii na nywila ile. Leo nabonyeza jina la mteja na nimo.

Kinachonifurahisha kuliko vyote ni kiungo cha idhini. Nikimaliza rasimu, mwenye biashara anapata kiungo kwenye WhatsApp, anafungua kwa simu bila nywila, anaisoma kama itakavyofika, anaandika maoni pembeni ya sentensi anayoitaka, kisha anabonyeza kukubali. Bila kukubali, barua haitoki. Bi Mkubwa alikitumia mara ya kwanza akanirekebisha bei ya chakula cha usiku na akaniambia nimewasahau pweza. Hili ni jambo dogo kwa mtengenezaji. Kwangu ni kubwa, kwa sababu barua ile inabeba jina lake.

Kisha kuna kipengele kingine, mlango wa pili kutoka hapo. Kinakuruhusu kunakili fungu la wasomaji kutoka akaunti ya mteja mmoja kwenda ya mwingine. Vibofyo viwili.

Hakikuchukua muda kunipata. Mwenye hoteli mmoja wa kaskazini, mtu tunayeheshimiana, alipoiona dashibodi akaniambia kwa upole kabisa, "Ami, wale Wataliana wa Jambiani si wanakuja kila mwaka? Nipatie na mimi niwasalimie." Hakuwa na nia mbaya. Kwake wageni wa Unguja ni wageni wa Unguja.

Nilikataa, na nilimweleza kwa nini. Mgeni aliyeandika anwani yake kwa Bi Mkubwa alimwandikia Bi Mkubwa. Orodha ile ni amana, mimi nimeishikia tu. Halafu kuna sheria: wengi wa wageni hao wanatoka nchi za Umoja wa Ulaya, ambako kanuni ya kulinda taarifa binafsi inatumika tangu 25 Mei 2018, na Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini hata zisingekuwepo sheria zote mbili, ningekataa. Tulikubaliana njia nyingine: Bi Mkubwa akiridhia, ataiandika hoteli ya kaskazini kwenye barua yake kwa maneno yake mwenyewe, na anayetaka atajiandikisha kule kwa mkono wake.

Kipengele kile nimekifunga kwenye mipangilio ya ofisi yangu, kijana wangu asije akakibonyeza kwa haraka.

## Akina mama wa Paje

Nina mteja mmoja ambaye ni kikundi cha akina mama wa mwani. Wanalima, wanakausha, wanatengeneza sabuni ya mwani na karafuu na mchaichai, na wana wasomaji wao Ulaya ambao walinunua sabuni wakiwa hapa na wanaagiza tena. Barua yao inatungwa kwa sauti. Mmoja wao ananipelekea ujumbe wa sauti WhatsApp, mimi naandika na kutafsiri.

Toleo jipya lina akili unde inayotunga barua. Unaipa mada, inatoa kichwa na aya tatu, na inadai imejifunza sauti ya mteja kutokana na barua za nyuma. Niliijaribu kwa dhati, maana kazi ni nyingi na siku ni fupi.

Ujumbe wa sauti wa mwezi ule ulikuwa hivi, nimeufupisha (kotoni na spinosamu ni aina mbili za mwani): "Bamvua hili maji yalikuwa ya moto, miguu inahisi. Kotoni imeoza yote kwenye kamba, imekuwa nyeupe, ukiishika inakatika. Tumefunga spinosamu. Bei yake ndogo, lakini hiyo ndiyo inayovumilia. Waambieni wasishangae sabuni tukichelewa, kwa sababu tulikuwa baharini kurudisha kamba."

Wanaojua pwani ya mashariki wanaelewa ujumbe huo umebeba nini. Mwani ulianza kulimwa kibiashara hapa mwaka 1989, kutoka Paje na Jambiani, na kotoni ndiyo iliyokuwa na bei. Maji yakipata joto haivumilii. Wanawake wale wamekuwa wakiizungumza hali ya hewa kwa miguu yao tangu zamani.

Mashine iliandika kuhusu siri ya urembo iliyofichwa ndani ya bahari ya paradiso. Nikaipa maelezo zaidi. Ikaandika kuhusu mila za kale na mawimbi yanayong'aa. Kisha nikaijaribu kwa nyumba ya wageni ya Jambiani na kwa mteja wa viungo, na paradiso ikajitokeza kote, iliyofichwa, inayong'aa, inayokusubiri. Wateja hawa wana wasomaji wanaofanana. Mtu mmoja wa Milano anaweza kuwa kwenye orodha zote tatu kwa hiari yake, akapata barua tatu wiki moja zenye sauti ya mtu mmoja asiyekuwepo.

Nikaitupa, nikatafsiri ujumbe ule ulivyo. Kichwa cha barua kilikuwa: "Kotoni imeoza, sabuni itachelewa."

Mteja wangu mwingine alipokiona akaniuliza kama nimepoteza akili, kuweka habari mbaya juu kabisa. Lakini fikiria inakofika barua. Simu mpya za Apple, tangu mwishoni mwa 2024, zinaweza kuonyesha muhtasari uliotungwa na akili unde mahali palipokuwa na mistari ya kwanza. Barua iliyojaa paradiso, ikifupishwa, inabaki paradiso. Iliyosema kotoni imeoza kwenye kamba na spinosamu imefungwa, hata ikifupishwa, inabaki na kotoni na spinosamu. Kitu chenye umbo kinapita.

Majibu yaliyokuja kwa akina mama yalikuwa mengi kuliko ya barua yoyote kabla yake. Watu waliuliza joto la maji. Waliuliza kamba zinafungwaje. Mwanamke mmoja wa Ufaransa alilipia sabuni ambayo bado haijatengenezwa.

Ripoti ya programu iliipa barua hiyo alama ya chini ya wastani, kwa kuwa haikuwa na kiungo cha kubofya.

Hapo ndipo kilipofunguka kilichokuwa kikinikera tangu Jambiani. Programu hizi zinapima kila kitu msomaji anachokifanya bila kujua, na hazipimi kitu kimoja anachokifanya kwa kukusudia, ambacho ni kuandika jibu. Jibu linaingia kwenye sanduku la barua la mteja na programu hailioni. Kwa nyumba ndogo za Unguja na vikundi kama cha Paje, jibu ndiyo biashara yenyewe. Chumba kinachukuliwa kwa jibu. Sabuni inaagizwa kwa jibu.

## Tulichofanya Jambiani

Nilirudi kwa Bi Mkubwa na pendekezo. Kabla ya kumfuta yeyote, tuwaandikie wote walio kwenye fungu lile, barua moja, bila picha hata moja, bila rangi, maneno matupu. Thunderbird itaionyesha sawa na simu yoyote. Aandike yeye.

Aliandika sentensi nne. Kwamba mkahawa umepata paa jipya la makuti. Kwamba yule paka wa kijivu yupo. Kwamba anataka kujua nani bado angependa kupata barua zake. Kwamba wakijibu, neno moja tu linatosha, na asiyetaka asione haya.

Tukagawa utumaji kwa siku kadhaa, kidogo kidogo, ili zikirudi nyingi tusimamishe.

Nyingine zilirudi, nazo tumezifuta bila majuto. Wachache walijiondoa. Waliojibu ndio walionibadilisha. Mwalimu alijibu, kama kawaida yake. Alijibu na wakala mdogo wa safari wa Bologna, ambaye programu ilisema hajafungua barua hata moja. Kumbe anainakili barua ya Bi Mkubwa, anaitafsiri Kitaliano na kuwapelekea wateja wake kwa jina lake. Wageni wa Agosti wanaoiambia nyumba "tumesikia kwa rafiki" wanatoka huko. Alijibu daktari mmoja anayesoma kwenye kompyuta ya hospitali ambako picha zimefungwa. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutoonekana.

Wakabaki wa katikati: hawakujibu, hawakujiondoa, anwani zao ziko hai. Hawa walinisumbua. Maelezo ya programu yanasema wafute. Bi Mkubwa alisema, "Aka. Mtu anaweza kuwa na shughuli zake." Tulikubaliana kuwatoa kwenye barua ya kila mwezi na kuwaweka kwenye fungu la barua mbili kwa mwaka, moja kabla ya kaskazi na moja kabla ya kusi. Malalamiko yakitokea kwenye fungu hilo tutalifunga. Kuhusu ada, hatukushuka daraja la malipo. Nilimwonyesha tofauti ya bei, akaipima na usiku mmoja wa chumba, akasema tuendelee.

## Safu ya majibu

Kwa sasa nimejitengenezea jedwali langu. Kila mteja ana ukurasa, kila barua ina mstari, na safu zake ni tatu: wangapi walijibu, walisema nini, kilifuata nini. Najaza kwa mkono, nikikaa na mteja na sanduku lake la barua limefunguliwa. Ni kazi ya polepole, lakini mazungumzo yanayozaliwa hapo yanaiandika barua inayofuata.

Ningependa programu ifanye hivyo. Isiyasome majibu, maana hayo ni ya watu wawili. Iyahesabu tu, na imwondoe kwenye fungu la waliolala kila aliyejibu. Nimewaandikia watengenezaji ombi hilo. Wamesema wamelipokea.

Mwezi ujao naanza na mteja mpya wa Chake Chake, Pemba, anayepeleka wageni kisiwa cha Misali na kwenye mashamba ya mikarafuu. Orodha yake bado changa, na nataka safu hiyo iwepo tangu barua ya kwanza. Kama yupo kati yenu, Unguja au Pemba, anayetumia programu inayohesabu majibu, au aliyepata njia nzuri kuliko jedwali langu, naomba aniandikie. Hata akiwa na ombi la mteja wake alilolikataa, nataka kulisikia.